Aliyefia Kati ya Dua Mbili

Ndugu zangu mnaokaa hapa Maskati, nyinyi mnaoswali na nyinyi mnaokwenda kanisani, nipeni masikio yenu. Nataka kukuhadithieni yaliyoifika nyumba moja ya mtaani kwetu Azaiba. Mengi niliyaona kwa macho yangu, na machache nimeambiwa na waliokuwemo. Si hadithi ya kufurahisha. Lakini nikiinyamazia, nnaogopa tutaiona tena katika nyumba nyengine.

Nyumba yenyewe iko nyuma ya barabara kubwa ya maduka. Juu anakaa mwenyewe, Bwana Hamdan, na mkewe Khawla. Hamdan alizaliwa Mwanza, babake akiwa na duka huko, akaja Oman kijana, akafanya kazi wizarani mpaka akastaafu. Khawla ni mtu wa Unguja. Chini walimpangisha Mkenya mmoja, Omondi, msimamizi wa mafundi wa viyoyozi katika kampuni ya matengenezo. Omondi alikuwa na mkewe Mildred, mwalimu wa watoto wadogo, na binti yao Abigail, wakati huo ana miaka kumi na tano. Mimi, Mwanamize, nakaa nyumba ya mkabala.

Ijumaa katika nyumba ile ilikuwa na raha yake. Asubuhi Wakenya wanatoka wamependeza kwenda kanisani. Adhuhuri Hamdan anatoka na kanzu yake kwenda msikitini. Mchana wote wamesharudi, na hapo sahani zinaanza kupanda na kushuka ngazi. Khawla anateremsha pilau, Mildred anapandisha chapati zake laini ambazo hata mimi nilikuwa nikizitilia jicho. Kisha wanaume wawili wale wanakaa barazani na vikombe vyao vya karak, chai ya maziwa na iliki, wanabishana kuhusu samaki.

"Huyo mnayemwita ngege ndiye sato," Hamdan alikuwa akisema. "Mimi nimezaliwa Mwanza, usinisomeshe."

"Mzee, sato ni wa upande wenu. Wa kwetu Siaya ni mtamu hadi mifupa."

"Lakini ziwa si ndilo hilo hilo?"

"Ziwa ni hilo hilo, wapishi ndio tofauti."

Na Hamdan alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Hakuwa na mtoto wa kiume, na Omondi alikuwa hana baba. Basi walipendana.

Mambo yalianza kubadilika kiangazi kimoja, Omondi alipopelekwa kutengeneza viyoyozi vya msikiti mmoja huko Bawshar. Kazi ikesha, akakaa ndani apumzike na jua. Imamu akamletea maji na tende, hakumuuliza dini yake wala hakumwambia chochote. Omondi alikuja kumwambia Hamdan kwamba tangu mamake mzazi afariki hakuwahi kukaa mahali moyo wake ukatulia namna ile. Wiki iliyofuata alirudi tena, na safari hii hakukuwa na kiyoyozi kilichoharibika.

"Mzee, nikuulize," alimwambia Hamdan barazani. "Mtu akitaka kuanza kuswali, ni lazima kwanza ajue Kiarabu?"

Hamdan akaweka kikombe chini. "Nani huyo anayetaka kuswali?"

"Nauliza tu."

Aliuliza tu kwa miezi kadhaa. Mwisho akapanda juu, akatamka shahada mbele ya Hamdan na wazee wawili wa msikitini. Hamdan alilia kwa furaha. Akamwambia waende ofisi ya mambo ya dini akaandikishwe, ijulikane. Omondi akakataa.

"Nipe muda, mzee. Kwanza nimwambie Mama Abi. Akisikia kwa watu atajiona mjinga."

"Basi mwambie leo."

"Nitamwambia," alisema Omondi. Lakini hakumwambia.

Msimwite mwoga kabla hamjasikia. Mildred alikuwa ndiye mwenyekiti wa kikundi cha maombi cha akina mama wa Kikenya, waliokuwa wakikutana kila Ijumaa baada ya ibada. Alikuwa mtu wa huruma. Mtu akiugua, Mildred ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Lakini siku moja, kabla Omondi hajatamka chochote, wakiwa mezani, alimwambia mumewe habari ya mama mmoja wa kikundi ambaye mume wake alisilimu.

"Tumemtoa," alisema. "Hawezi kutuongoza maombi akitoka kwa nyumba kama hiyo."

"Lakini yeye mwenyewe si hajabadilika?" Omondi aliuliza.

"Bwanake amebadilika. Mimi ningekuwa yeye ningefunga mizigo siku hiyo hiyo. Afadhali hata niambiwe bwanangu amekufa."

Aliyasema huku akikata ugali, bila hasira, kama mtu anayezungumzia bei ya nyanya. Abigail aliniambia kwamba babake aliendelea kula, kisha akaomba maji. Jamani, sisi tunaozungumza mezani hatujui nani anatusikiliza na moyo wake uko wapi.

Basi Omondi akaishi maisha mawili ndani ya nyumba moja. Ijumaa anakwenda kanisani na familia yake, anakaa benchi la nyuma, haimbi. Ramadhani akajisingizia vidonda vya tumbo ili asile mchana. Mkewe akamhurumia, akamchemshia uji wa jioni. Alikuwa akiswali kwenye kichumba cha kufulia, kando ya mashine, mlango ameurudishia.

Huko ndiko Abigail alikomkuta. Alirudi mapema kutoka shule anaumwa na kichwa, akafungua mlango kuweka nguo zake chafu, akamwona babake amesujudu juu ya taulo. Alisimama pale pale mpaka babake akatoa salamu ya kumaliza sala.

"Abi," Omondi alisema, bado amekaa chini. "Funga mlango, mama."

"Baba, unafanya nini?"

"Unaona."

"Mama anajua?"

"Nitamwambia. Desemba tukienda nyumbani, nikiwa na ndugu zangu karibu, nitamwambia. Wewe usimwambie. Umesikia?"

"Na Krismasi je?"

Omondi alijaribu kucheka. "Krismasi tutakula kuku kama kawaida."

Mtoto akabebeshwa mzigo wa watu wazima. Desemba walikwenda Siaya, wakala kuku, wakaimba, wakarudi Maskati. Omondi hakusema neno.

Huku juu, Khawla alikuwa hana raha. Mara kwa mara alimkabili mumewe.

"Mwambie huyu kijana amwambie mkewe. Si vizuri, Hamdan. Mimi nakula chapati za mwanamke yule kila Ijumaa na nnajua siri ya mume wake kuliko yeye."

"Siri si yangu."

"Siri si yako, lakini furaha ni yako. Kila siku unamwita huku juu kumsomesha, unamshusha chini kwa mkewe kama mwizi."

Hamdan alikasirika, akamwambia asiingilie mambo ya dini. Sahani zikaendelea kupanda na kushuka.

Kisha ukaja mwezi wa saba na joto lake. Asubuhi moja Omondi alipanda juu ya paa la jengo moja Bawshar kukagua kazi ya vijana wake. Hakuanguka kutoka juu. Alikaa chini tu, akasema kifua kinambana, akalala ubavu. Waliposhuka naye alikuwa hasemi.

Khawla alinipigia simu nikampeleke Abigail hospitali, kwa sababu mamake alishatangulia moja kwa moja kutoka kazini. Mtoto njia nzima alikuwa ameshika mkanda wa gari kwa mikono miwili. Tulipofika, daktari alishamwambia Mildred kwamba moyo umeharibika sana na hawana tamaa kubwa. "Zungumzeni naye," alisema. "Bado anasikia."

Wakaturuhusu kuingia. Omondi alikuwa na kifuniko cha hewa usoni, macho yako wazi. Mildred amemshika mkono wa kushoto, na wenzake wawili wa kikundi cha maombi wamesimama nyuma yake, wanaomba kwa sauti ya chini. Abigail akaenda miguuni, akamshika babake nyayo. Hapo ndipo Hamdan alipoingia, Khawla nyuma yake.

Alikwenda upande wa pili wa kitanda, akainama sikioni kwa Omondi. "Mwanangu, mimi Hamdan. Sema na mimi. Hata kwa moyo. Laa ilaaha..."

"Mzee, unafanya nini?" Mildred aliuliza. Hakuwa mkali bado. Alikuwa anashangaa.

"Niachie kidogo, mwanangu. Ni haki yake."

"Haki gani?"

Hamdan akamtazama. "Huyu ni Muislamu, Mildred. Alisilimu mbele yangu."

"Bwanangu?" Mildred alisema. "Huyu bwanangu tulienda naye kanisa Ijumaa iliyopita?" Akamgeukia Omondi, akaushika uso wake. "Baba Abi, mwambie mzee anakosea. Tingisha kichwa tu. Mwambie."

Omondi hakutingisha kichwa. Machozi yalimtoka pembeni ya macho yakaingia masikioni.

Mildred akaachia uso wake, akasimama wima, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa, kama mtu anayefukuza kitu chumbani. Wenzake wakaitikia. Hamdan naye, mtu mzima mwenye mvi, akapandisha sauti ya shahada ili isizidiwe. Khawla akamvuta kanzu, "Hamdan, basi, basi," asisikie. Muuguzi akaja mbio kutuambia tutoke.

Katika fujo ile Omondi aliinua mkono wa kulia taratibu, akanyoosha kidole kimoja.

"Mmeona!" Hamdan alipiga kelele. "Anashuhudia! Mashahidi nyote, anashuhudia!"

"Ananionyesha mimi!" Mildred alijibu. "Ananiita mimi, mke wake!"

Wakabishana juu ya kidole kile. Mkono ukashuka, na wao bado wanabishana.

"Mama," Abigail alisema kutoka miguuni. Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, "Mama, hapumui."

Nilipomrudisha nyumbani jioni ile hakulia. Tulipofika karibu na taa za Azaiba akaniambia, "Bi Mwanamize, si kweli wanavyosema."

"Nini, mwanangu?"

"Kile kidole. Baba akisikiliza habari kwa TV na sisi tunapiga kelele, anainua kidole hivyo. Alikuwa anataka wanyamaze."

Niliendesha gari.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana mtu mwenye akili angedhani kifo kile kingewatia watu adabu.

Omondi katika makaratasi yake yote alikuwa Mkristo. Mildred akataka kumsafirisha kwao Siaya, azikwe nyumbani kwake, kando ya mamake, kama desturi yao ilivyo. Ndugu zake huko walishaanza kuchimba kaburi na kusimamisha mahema. Lakini Hamdan alikwenda ofisini na wale wazee wawili, wakaeleza walichokishuhudia. Wahusika wakasema maiti haiondoki mpaka jambo hili lifahamike. Omondi akabaki kwenye jokofu la hospitali, siku zikawa wiki.

Nyumba moja ikawa na matanga mawili. Juu wanasoma Kurani, chini wanaimba nyimbo, na kila upande umefunga madirisha. Simu zikajaa sauti za watu wasiomjua hata Omondi. Huku wanasema Waarabu wameiba maiti ya Mkenya. Kule wanasema mwanamke kafiri anataka kumtorosha Muislamu akamzike bila sala. Watu walimiminika kwenye nyumba ile kwa gari kutoka kila upande wa mji, na wengi hawakuja kuomboleza, walikuja kushinda.

Khawla peke yake ndiye aliyetafuta njia. Alimwambia mumewe mbele yangu, "Kwao Siaya hakuna Waislamu? Wapo. Aende akazikwe kwao, kando ya mama yake, kwa sala yake. Mkewe apate kaburi la kulitazama, na yeye apate haki yake."

"Maiti ameshacheleweshwa vya kutosha," Hamdan alisema. "Na tukimtoa hapa, nani anajua watamzika vipi?"

Khawla akashuka chini na sahani ya chakula na wazo lile lile. Mildred alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni.

"Bi Khawla, mlikuwa mnajua," alisema. "Ulikuwa unakula chapati zangu na unajua."

"Nisamehe, mwanangu. Nilimwambia Hamdan..."

"Sheikh hatakanyaga boma langu. Na chakula chako rudi nacho."

Mlango ukafungwa. Khawla akapanda ngazi na sahani yake.

Likabaki neno la Abigail. Wale wa ofisini walitaka kumsikia mtu wa nyumbani mwa marehemu. Siku iliyotangulia, mama na mtoto walikuwa jikoni. Haya aliniambia Abigail mwenyewe.

"Kesho watakuuliza," Mildred alisema. "Utasema hujui chochote."

"Lakini najua, mama."

Mildred akazima gesi. "Unajua nini?"

"Nilimwona akiswali. Kwa kile chumba cha kufulia. Aliniambia nisikuambie."

"Lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Krismasi tuliimba pamoja. Ulisimama kando yangu ukaimba." Mildred akavuta kiti akakaa. "Kwa hivyo wewe na babako mlikuwa mnanicheka."

"Hatukukucheka, mama. Alikuwa anaogopa."

"Anaogopa nini?"

Abigail akachukua kitambaa akaanza kupangusa meza.

"Anaogopa mimi?" Mildred aliuliza, na sauti yake ikawa ndogo sana. "Abi, babako alikuwa ananiogopa mimi?"

Mtoto alinyamaza, na kunyamaza kule kukawa jibu. Laiti Mildred angelilia pale pale, labda ningekuwa nakuhadithieni mambo mengine. Lakini aliinuka, akajipangusa mikono kwa kanga aliyojifunga kiunoni.

"Kesho utasema hujui. Ukisema kitu kingine, utafute mtu mwingine wa kumwita mama."

Kesho yake Abigail aliketi mbele ya bwana mmoja mpole na bibi mmoja wa makamo. Mamake upande huu, Hamdan upande ule. Wakamuuliza alichokiona. Akawaambia, "Nilimwona baba akiswali. Si mara moja." Kisha, kabla hawajamuuliza jengine, akaongeza, "Lakini alikuwa anataka kuzikwa nyumbani. Siku zote alisema atalala kando ya mamake. Hiyo pia ni ukweli."

Mkiniuliza mimi, mtoto yule ndiye mtu pekee aliyesema habari kamili ya Omondi tangu afariki. Lakini kila mtu alichukua nusu yake. Hamdan alisikia neno la kwanza, akasema alhamdulillahi. Mildred naye alisikia neno hilo hilo la kwanza, akainuka akatoka nje bila ya kumsubiri mwanawe. Neno la pili halikuokotwa na mtu.

Omondi alizikwa hapa Maskati baada ya sala ya alasiri. Mildred alikataa kuja. Abigail alinibembeleza nimpeleke, tukakaa ndani ya gari nje ya ukuta wa makaburi, kwani wanawake hawaingii. Vumbi lilikuwa jingi. Tuliona migongo ya wanaume na majembe yakipanda na kushuka. Wengi wao walimjua kwa jina jipya alilopewa, na wala hawakujua kwamba aliitwa Omondi kwa kuwa alizaliwa alfajiri.

Huko Siaya kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na kwao si vyema kulifukia tupu. Jacob, ndugu wa marehemu, alimpigia Mildred simu. "Shemeji, wazee wamesema tutazika yago." Yago ni lile tunda refu zito linaloning'inia kwa kikonyo chake kama kamba. Kwao, mtu akipotea asipatikane, tunda hilo huzikwa mahali pake. Wakalitia kwenye jeneza pamoja na suti ya Omondi ya harusi. Mchungaji aliposikia kwamba marehemu alikufa Muislamu, hakuja. Jacob akaomba mwenyewe maneno machache. Mildred aliyatazama yote hayo kwenye simu, amekaa kitandani, peke yake.

Nasema peke yake kwa sababu akina mama wa kikundi walishaacha kuja. Hawakumwambia kitu. Walichagua mwenyekiti mwengine tu, na simu zake hazikupokewa. Alilowahi kulifanya kwa mwenzake ndilo lililomfika, na sisemi hivi kwa kufurahi. Nilimwona dirishani Ijumaa moja amevaa nguo zake za kanisani, amekaa, mkoba mapajani, mpaka saa za ibada zikapita.

Kibali chao cha kukaa kilikuwa cha mumewe, kwa hiyo waliondoka. Khawla alisimama kwenye ngazi siku ile ya safari anataka kuwaaga. Mildred alipita mbele yake na sanduku kama anapita mbele ya nguzo. Abigail alisita, akataka kugeuka, mamake akamwambia, "Ukitaka kubaki na watu wako, baki." Ndivyo walivyotoka katika nyumba ile.

Hivi sasa Mildred yuko Kisumu anasomesha. Abigail anakaa kwa Jacob huko Siaya. Mama amewaambia jamaa zake wote kwamba binti ndiye aliyemtoa babake akazikwe ugenini, na hajazungumza naye tangu wafike. Abigail hunitumia ujumbe wa sauti mara moja moja. Wa mwisho ulisema, "Bi Mwanamize, siku hizi siombi. Nikifunga macho kuomba nasikia kelele za ile siku. Ukienda upande wa makaburi mwambie baba nimemsalimia." Kisha akaniuliza habari za shule yake ya zamani, kama mtoto yeyote.

Na Hamdan, aliyeshinda? Baraza iko vile vile, wapangaji ni wengine. Siku moja nilikuwepo aliposema, labda kwa kujiliwaza, "Alhamdulillahi, tulimpa haki yake." Khawla alikuwa anakunja nguo.

"Ulimpenda yule kijana kama mwanao," alimwambia. "Alipokuwa anakufa ulimpigia kelele sikioni. Mtoto wake hana mama wala baba. Umeshinda, Hamdan. Sasa nionyeshe ulichokipata."

Hamdan alivaa viatu akatoka, na Khawla akaendelea kukunja nguo mpaka zikesha. Tangu siku ile hawana mazungumzo marefu. Na mimi kila nikiwatazama nnaona nyumba mbili zimebomoka, ile ya juu na ile ya chini, na hakuna aliyezivunja isipokuwa watu waliokuwa wakipendana.

FUNZO LA KISA HIKI

Ndugu zangu, mji wetu wa leo si wa watu wa dini moja. Katika jengo moja yumo wa msikitini, wa kanisani na wa hekaluni, na wakati mwengine wamo katika nyumba moja, kitanda kimoja. Hilo halitarudi nyuma, hata tukilikasirikia. Kisa cha Omondi kinatufunza kwamba haikuwa dini iliyoiua nyumba ile. Iliuliwa na hofu ya kusema, na hofu ile ilitokana na maneno yetu magumu.

Wewe uliyebadilika moyo, waambie watu wako ungali hai na una ulimi wako. Usimwachie jirani akusemee kitandani, wala usimtwike mtoto wako siri yako. Na wewe unayemwongoza mwenzako kwenye dini yako, kumbuka kwamba ana mke, ana mtoto, ana mama aliyelala ardhini mahali fulani. Ukimchukua yeye ukawaacha hao, hujamchukua mzima. Nanyi viongozi wa vikundi na majirani, maiti si kombe la kugombaniwa. Mfiwa huhitaji chakula na mtu wa kukaa naye, hahitaji kuambiwa nani ameshinda.

Ukirudi nyumbani leo, kaa na aliye wako, mumeo, mkeo au mwanao, umuulize moyo wake uko wapi na Mungu. Huenda jibu likakuumiza. Lia ikibidi. Lakini usimwadhibu kwa kukwambia kweli, ili akiwa na kweli nyengine aje akwambie wewe kwanza.